Raspiberi nyeusi au nyekundu? Piga hesabu kabla ya kununua miche

KILA baada ya miaka michache, wakulima wa nyanda za juu huletewa habari za zao jipya linaloelezwa kuwa litawatoa. Ndivyo ilivyokuwa kwa vanila, ambayo bei yake ilipaa hadi mwaka 2003 kisha ikaporomoka na kuwaacha wengi na mashamba yasiyo na mnunuzi. Ndivyo ilivyokuwa pia kwa parachichi aina ya Hass, ambayo kwa bahati nzuri imewalipa wengi. Raspiberi nayo imo katika orodha hiyo ya mazao yanayosifiwa.

Kwa mkulima anayeifikiria raspiberi, swali la kwanza ni la rangi. Zipo nyekundu na zipo nyeusi. Nyeusi ni adimu, ladha yake ni nzito, na mara nyingi husifiwa kuliko nyekundu. Ni rahisi mtu akafikiri kwamba kwa kuwa haipatikani sokoni, atakayekuwa wa kwanza kuilima atavuna fedha peke yake.

Lakini kila kilicho adimu kina sababu ya kuadimika. Kabla ya kutoa fedha mfukoni kununua miche, ni vyema mkulima ajue mimea hii miwili inatofautiana wapi, inalimwaje huko ilikozoeleka, na ni ipi inayoweza kuzaa katika mazingira yake. Makala hii inaeleza hayo.

Ukoo mmoja, tabia mbili

Raspiberi ni ya ukoo wa waridi, ukoo huo huo wenye tofaa, pichi na stroberi. Tunda lake ni mkusanyiko wa vijitunda vidogo vingi vilivyoshikamana, kila kimoja na mbegu yake, mfano wa forosadi. Likiiva na kuchumwa, kiini chake cheupe hubaki kwenye kikonyo, na tunda hutoka likiwa na uwazi ndani kama kastabini ya fundi cherehani.

Uwazi huo ni alama muhimu kwa mfanyabiashara. Liko tunda jingine jeusi liitwalo blakiberi, ambalo watu wengi hulichanganya na raspiberi nyeusi. Blakiberi ikichumwa, kiini hutoka pamoja na tunda. Kwa hiyo ukiuziwa mzigo unaoitwa raspiberi nyeusi, ligeuze tunda moja na ulitazame upande wa kikonyo. Likiwa limejaa, umeuziwa zao jingine.

Raspiberi nyekundu, inayojulikana kitaalamu kama Rubus idaeus, asili yake ni Ulaya na Asia, na ina jamaa yake wa karibu anayeota porini Amerika ya Kaskazini. Nyeusi, Rubus occidentalis, ni mmea wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Huko iliota kandokando ya misitu na watu wakiichuma, kabla ya wakulima kuanza kuipanda mashambani katika karne ya 19.

Mimea yote miwili ina mizizi inayodumu miaka mingi, lakini kila shina huishi miaka miwili tu. Mwaka wa kwanza shina hurefuka na kutoa majani. Mwaka wa pili huchanua, huzaa, kisha hukauka. Wakati huo machipukizi mapya yanakuwa yameshasimama kushika nafasi yake.

Tofauti huanzia kwenye namna mimea hiyo inavyochipua. Nyekundu hutoa watoto kutoka kwenye mizizi inayotambaa chini ya ardhi, hivyo bila kudhibitiwa hujaza mstari wote na hata njia katikati ya mistari. Nyeusi haifanyi hivyo. Machipukizi yake hutoka kwenye kitako cha mmea, nao hubaki kichaka kimoja pale pale ulipopandwa. Badala ya kutoa watoto, mashina yake marefu hupinda kama upinde, na ncha ikigusa udongo huota mizizi na kuwa mche mwingine.

Ukizitazama shambani utazitambua hata kabla ya matunda. Shina la nyeusi limepakwa vumbi jeupe mithili ya nta na lina miiba migumu iliyopinda. Shina la nyekundu lina miiba midogo myembamba isiyoumiza sana.

Jambo jingine la kukumbuka ni kwamba raspiberi nyeusi hupitia wekundu kabla ya kuiva. Tunda jekundu lililong'ang'ania kwenye kikonyo chake katika shamba la nyeusi bado ni bichi, na mchumaji asiyeelekezwa anaweza kulivuna kwa kosa. Nyekundu iliyoiva hutoka yenyewe kwa kuguswa kidogo.

Oregon: zao la mashine na kiwanda

Ili kuelewa biashara ya raspiberi nyeusi, hatuna budi kutazama jimbo la Oregon nchini Marekani, ambalo ndilo linaloongoza nchini humo kwa kulima tunda hili kibiashara. Mashamba mengi yapo katika bonde la mto Willamette. Aina ambayo imetawala kwa miaka mingi ni Munger, aina ya zamani iliyotokea jimbo la Ohio mwishoni mwa karne ya 19.

Karibu mavuno yote ya Oregon hayaliwi yakiwa mabichi. Hugandishwa au husindikwa kuwa juisi, jamu, ladha ya aiskrimu na rangi ya asili ya vyakula. Msimu huanza mwishoni mwa Juni na kuendelea hadi Julai. Mashine ndefu hupita juu ya mistari, hutikisa mashina, na matunda yaliyoiva hudondoka kwenye mikanda. Tunda likipondeka kidogo si neno, kwa kuwa linakwenda kiwandani siku hiyo hiyo.

Kwa hiyo mkulima wa Oregon anasimama juu ya mafiga matatu: baridi ya kutosha, mashine ya kuvunia na kiwanda kilicho karibu. Figa moja likiondolewa, chungu humwagika.

Mashariki mwa Marekani, katika majimbo ya Ohio, Pennsylvania na New York, hali ni tofauti kidogo. Huko wakulima wadogo hulima nyeusi za aina kama Bristol na Jewel, zote zilizozalishwa New York, na huziuza mbichi kwenye vibanda vya kando ya barabara au kwa wateja wanaokuja kuchuma wenyewe. Bei huwa nzuri kwa sababu wauzaji ni wachache na mteja analijua tunda hilo tangu utotoni. Hata hivyo msimu wao ni wa wiki chache tu, kisha kazi inakwisha hadi mwaka unaofuata.

Nyekundu imekwenda njia nyingine. Jimbo la Washington huilima kwa ajili ya viwanda, lakini nje ya hapo imekuwa tunda la kuuzwa bichi mwaka mzima. Mexico huilima katika nyanda zake za juu, hasa jimbo la Jalisco, na kuiuza Marekani. Hispania, Ureno na Morocco huuza Ulaya. Afrika Kusini nayo huilima, na nchini Kenya kuna mashamba katika nyanda za juu. Nchi nyingi kati ya hizo hazina majira ya baridi ya theluji kama ya New York, na bado nyekundu inazaa. Sababu yake ndiyo kiini cha suala zima.

Baridi ndiyo mlango wa kwanza

Mimea ya nchi za baridi huwa na usingizi. Majira ya baridi yakifika hupukutisha majani na kulala, na haiwezi kuamka vizuri mpaka ipate mamia ya saa za ubaridi, kwa kawaida chini ya nyuzi joto 7 za Selsiasi. Mkulima wa matofaa wa Lushoto au Njombe anaifahamu habari hii. Tofaa la aina isiyofaa likipandwa huko hutoa majani mengi na maua ya kuhesabu.

Raspiberi nyeusi za kawaida ziko katika kundi hilo. Huzaa kwenye shina la mwaka wa pili tu, na shina hilo linatakiwa kwanza lipitie usingizi wa baridi. Likikosa baridi, macho machache hufunguka, mengine hubaki yamelala, maua hutoka kwa vipindi visivyoeleweka, na mavuno huwa hafifu.

Mtu anaweza kusema kwamba Makete, Limuru au miteremko ya Kilimanjaro kuna baridi. Ni kweli. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, joto hupungua kwa takriban nyuzi 6, na Makete hata umande hugeuka barafu katika miezi ya Juni na Julai. Lakini baridi ya karibu na ikweta ni ya usiku. Asubuhi jua likichomoza, joto hurudi na kufuta sehemu ya kazi iliyofanywa na usiku. Mmea unaotaka wiki nyingi za baridi mfululizo hauridhiki na usiku mmoja mmoja.

Nyekundu zina bahati ya kuwa na aina zinazozaa kwenye shina la mwaka huo huo. Shina huchipua, hurefuka, na ncha yake huchanua na kuzaa bila kungoja kupitia majira ya baridi. Aina maarufu ya kundi hili ni Heritage, iliyotolewa New York mwaka 1969. Nyingine ni Autumn Bliss ya Uingereza. Aina za namna hii ndizo zilizofungua mlango kwa nchi zenye nyanda za juu zisizo na theluji.

Watafiti na wazalishaji wa mbegu wa Marekani wamepata pia nyeusi chache zinazozaa kwenye shina la mwaka wa kwanza. Mojawapo ni Niwot, iliyotokea jimbo la Colorado. Hiyo ni hatua ya kutia moyo, lakini ni aina ya kujaribiwa kwa miche michache kwanza.

Kwa vyovyote vile, raspiberi ya rangi yoyote si zao la joto. Ukanda wa pwani na maeneo ya tambarare yenye joto kali hayaifai. Hupenda usiku wa ubaridi, mchana wa joto la wastani, na udongo usiotuamisha maji wenye tindikali kidogo, yaani pH kati ya 5.5 na 6.5.

Upogoaji haufanani

Mkulima aliyezoea kupogoa kahawa hatapata shida kujifunza raspiberi, ila asizipogoe zote kwa mkono mmoja.

Nyeusi hukatwa mara tatu. Kwanza, shina jipya likifika urefu wa sentimita 60 hadi 75, ncha yake hukatwa. Hapo hutoa matawi ya pembeni, na matawi hayo ndiyo yatakayobeba matunda mwaka unaofuata. Pili, wakati mmea umelala, matawi hayo hufupishwa hadi sentimita 20 au 30. Tatu, mashina yaliyokwisha kuzaa huondolewa kabisa baada ya mavuno, na kichaka huachiwa mashina 5 hivi yenye nguvu.

Nyekundu zinazozaa mwaka wa kwanza haziguswi ncha, kwa sababu matunda huanzia huko huko nchani. Ukiikata, umechelewesha mavuno yako. Badala yake, mavuno yakiisha, mashina yote hukatwa hadi usawa wa ardhi na shamba huanza upya. Kwa njia hii mkulima anaweza kugawa shamba vipande viwili au vitatu, akavikata kwa kupishana wiki kadhaa, ili asipate mzigo wote kwa wakati mmoja. Kwa muuzaji wa tunda bichi, hilo ni jambo kubwa.

Nyekundu huhitaji nguzo na waya pande zote mbili za mstari ili mashina marefu yasilale. Nyeusi iliyopogolewa vizuri husimama zaidi yenyewe, ingawa waya huisaidia isivunjike inapobeba matunda.

Kuhusu idadi ya miche, tuchukue mfano wa robo ekari yenye mistari iliyoachana mita 3. Hapo utapata jumla ya mita 337 hivi za mstari. Nyekundu zikipandwa kila baada ya sentimita 60 zitahitajika kama miche 560. Nyeusi zikipandwa kila baada ya mita 1 zitahitajika miche 337. Kwa upande wa miche, nyeusi ni nafuu. Unafuu huo, hata hivyo, hauishi muda mrefu, kama inavyoonekana kwenye magonjwa.

Nyeusi huchoka mapema

Udhaifu mkubwa wa raspiberi nyeusi ni virusi. Huko Oregon kuna virusi vinavyoenezwa na vidukari wa raspiberi, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Nyekundu inaweza kubeba virusi hivyo bila kuonyesha dalili kubwa, lakini nyeusi hudhoofika na kufa. Mashamba mengi ya nyeusi huko hung'olewa baada ya mavuno ya miaka mitatu au minne, wakati shamba la nyekundu lililotunzwa linaweza kufikisha miaka kumi na zaidi.

Mkulima atazame maana yake kifedha. Nyeusi haizai mwaka wa kwanza. Mavuno ya kwanza ni mwaka wa pili, na shamba likianza kufa mwaka wa tano, misimu ni mitatu tu ya kurudisha fedha za miche, waya, nguzo, samadi na vibarua. Nyekundu inayozaa mwaka wa kwanza huanza kurudisha senti mapema, na hukaa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo wataalamu hushauri rangi hizi mbili zisipandwe bega kwa bega. Ziachane angalau mita 30, na zaidi ikiwezekana, ili vidukari wasihamishe virusi kutoka nyekundu kwenda nyeusi.

Ugonjwa wa pili ni mnyauko unaotokana na kuvu wa udongoni aitwaye Verticillium. Kuvu huyu hushambulia pia nyanya, viazi mviringo, biringanya na pilipili, na hukaa udongoni kwa miaka mingi. Nyeusi huathirika zaidi kuliko nyekundu. Kwa wakulima wa nyanda za juu ambao karibu kila kipande cha ardhi kimewahi kuwa na viazi au nyanya, hili si onyo la kupuuza. Shamba lililotoka kwenye mazao hayo lipumzishwe kwa mahindi au nyasi kwa miaka minne au mitano kabla ya kupanda raspiberi.

Chule, ule ugonjwa wa madoa yanayobonyea kwenye mashina, nao huipiga nyeusi zaidi. Kutu ya rangi ya chungwa hushambulia nyeusi na blakiberi, na mmea uliopata haponi. Dawa yake ni kuung'oa na kuuchoma. Nyekundu haipati kutu hiyo.

Nyekundu nayo ina adui yake, kuoza mizizi. Huathirika zaidi ya nyeusi pale maji yanapotuama. Kinga yake ni kupanda kwenye matuta yenye kimo cha sentimita 25 hadi 30, na kutopanda kabisa mahali ambapo maji ya masika hukaa.

Kuna mdudu asiyebagua rangi. Ni inzi mdogo wa matunda mwenye asili ya Asia, Drosophila suzukii. Inzi wengine wa jamii yake hufuata tunda lililooza, lakini huyu jike lake hutoboa tunda zima linaloanza kuiva na kutaga ndani. Alionekana California mwaka 2008 na Oregon mwaka 2009, na akawatia hasara wakulima wengi. Mwaka 2019 alikutwa nchini Kenya. Mkulima anayeanza leo hana budi kujipanga kwa ajili yake: achume kila baada ya siku mbili, asiache tunda lililoiva kwenye mti, na matunda yaliyodondoka yaokotwe na kufukiwa.

Kilo moja ina matunda mangapi?

Gharama inayosahaulika kwenye mipango mingi ni ya kuchuma. Nyekundu nyingi za kisasa zina uzito wa gramu 4 hivi kwa tunda. Nyeusi huwa na gramu 2 hivi. Kwa hesabu hiyo, kilo moja ya nyekundu ni matunda 250, na kilo moja ya nyeusi ni matunda 500. Mchumaji anaponyoosha mkono mara moja kwa nyekundu, ananyoosha mara mbili kwa nyeusi, tena katikati ya miiba iliyopinda. Na kwa kawaida nyekundu huzaa kilo nyingi zaidi kwa eneo lile lile.

Oregon wamelimaliza tatizo hilo kwa mashine. Anayelima robo ekari na kulipa vibarua kwa siku hawezi. Ili nyeusi imlipe sawa na nyekundu, itabidi auze kila kilo kwa bei ya juu sana, na apate mnunuzi wa uhakika kwa bei hiyo.

Uchumaji wenyewe una masharti. Matunda huchumwa asubuhi umande ukishakauka, kwa vidole vitatu, na kuwekwa moja kwa moja kwenye kikasha atakachonunulia mteja. Hayaoshwi, kwa sababu maji huleta ukungu. Hayarundikwi, kwa sababu ya chini hupondeka. Baada ya hapo yapelekwe kivulini na kwenye ubaridi haraka iwezekanavyo. Yakihifadhiwa karibu na nyuzi 0 hukaa siku chache. Yakiachwa kwenye joto la kawaida, kesho yake tayari ni hasara.

Kikasha kinachotumika sana sokoni ni cha gramu 125, hivyo kilo moja hutoa vikasha 8. Mkulima anapopiga hesabu ya bei aingize vikasha hivyo, usafiri wa baridi, na matunda yatakayokataliwa.

Soko na sifa za afya

Nyeusi ina kitu ambacho nyekundu haina kwa kiasi hicho: rangi. Ina rangi ya asili ya zambarau nyingi mara kadhaa kuliko nyekundu, na ndiyo maana viwanda vya vyakula huitafuta. Huko Korea Kusini, wilaya ya Gochang ni maarufu kwa mvinyo wa raspiberi nyeusi uitwao bokbunja.

Rangi hiyo hiyo ndiyo iliyowavutia watafiti, hasa wa Chuo Kikuu cha Ohio State, waliochunguza unga wa raspiberi nyeusi kuona kama unaweza kusaidia kuzuia baadhi ya saratani. Majaribio kwa wanyama yalitoa matumaini. Kwa binadamu utafiti umekuwa wa watu wachache na haujaifanya raspiberi kuwa dawa. Mfanyabiashara asiandike kwenye lebo kwamba inatibu. Ni tunda zuri la kula, na hilo linatosha kuliuza.

Kwa soko la karibu, wanunuzi wa raspiberi ni hoteli za kitalii, maduka makubwa ya mijini na waokaji wa keki. Hao kwa kawaida huuliza nyekundu, kwa kuwa ndiyo inayopamba keki na ndiyo wateja wao wanaitambua. Matunda yaliyopondeka yanaweza kugandishwa au kupikwa jamu. Anayetaka kuuza jamu madukani ahakikishe ana alama ya ubora, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya.

Tahadhari na miche ya mitaani

Hapa ndipo majina ya kitaalamu yanapokuwa na kazi. Ipo raspiberi nyingine nyeusi, Rubus niveus, yenye asili ya India na nchi jirani za Asia, ambayo imeshafika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Haihitaji baridi kali, hukua haraka, na shina lake nalo lina vumbi jeupe. Mtu akikuonyesha kichaka hicho kikiwa kimejaa matunda meusi, ni rahisi kuamini kuwa ni ile nyeusi ya Marekani.

Tofauti zake zinaonekana kwa macho. Jani lake lina vijani 5 hadi 9 vilivyopangwa jozi jozi kama jani la waridi, wakati nyeusi ya Marekani kwa kawaida ina vijani vitatu. Maua yake ni ya waridi, wakati ya Marekani ni meupe. Tunda lake linalika, lakini mmea wenyewe ni msumbufu. Ndege hula matunda na kueneza mbegu, na katika visiwa vya Galápagos na Hawaii umekuwa gugu linalofunika mimea ya asili. Asiyekusudia kumsumbua jirani yake asiupande ovyo.

Miche ya kupeana nayo ina hatari yake. Ni kweli kwamba nyeusi huzalishwa kirahisi kwa kufukia ncha ya shina udongoni, na nyekundu kwa kung'oa watoto. Lakini mmea mama ukiwa na virusi, watoto wote watakuwa navyo. Miche salama ni ile iliyozalishwa maabara au kwenye kitalu kinachokaguliwa. Anayetaka kuagiza kutoka nje aanze na kibali: Tanzania kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), na Kenya kuna KEPHIS. Kubeba vipando kwenye begi la safari ni kosa kisheria na ni njia ya kuingiza magonjwa ambayo hatuna.

Uamuzi wa mkulima

Tukijumlisha yote, kwa mkulima mdogo wa nyanda za juu anayetegemea mikono na soko la tunda bichi, nyekundu inayozaa mwaka wa kwanza ndiyo ya kuanzia. Haidai majira ya baridi, hurudisha fedha mapema, huchumwa kwa haraka, na mnunuzi anaifahamu. Nyeusi inabaki kuwa zao la mwenye baridi ya kweli, mashine au wateja wa kuja shambani, na kiwanda au soko dogo linalolipa vizuri.

Anayeanza aanze na mstari mmoja au miwili, si ekari. Kabla ya kupanda, afanye mambo manne: apime udongo na kukumbuka kilichopandwa hapo miaka mitano iliyopita, azungumze na wanunuzi wawili au watatu na kujua watachukua vikasha vingapi kwa wiki, ahakikishe ana maji ya kumwagilia kiangazi, kwa kuwa mizizi ya raspiberi iko juu juu na huhitaji milimita 25 hadi 40 za maji kwa wiki, na apate mahali pa ubaridi pa kuhifadhi mavuno hata kabla ya maua ya kwanza.

Mwenye hamu ya nyeusi anaweza kupanda miche kumi, mbali na nyekundu, na kuiangalia misimu miwili. Ikichanua vizuri na kuzaa, atakuwa amepata jibu la shamba lake kwa gharama ya miche kumi. Isipozaa, atakuwa ameokoa fedha za ekari nzima.